Makonde yasiyoandikwa kwenye rekodi

Swali: Kocha, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 20. Amecheza ngumi za ridhaa tangu akiwa shuleni, na sasa kuna promota anataka asaini mkataba wa kulipwa. Mama hataki hata kusikia, baba amesema aamue mwenyewe, na mimi ndiye ninayeletewa kila karatasi niisome. Nataka kujua maisha ya bondia wa kulipwa yanakwendaje tangu mwanzo hadi mwisho. Na sisi wa nyumbani tutajuaje kwamba sasa imetosha?

Jibu: Marahaba, dada. Naanza na sehemu ya mwisho ya swali lako kwa sababu ndiyo inayoyabeba mengine yote. Watu wa nje wakitaka kumjua bondia huuliza rekodi: ameshinda mangapi, ameshindwa mangapi, KO (kumwangusha mpinzani asiendelee) ngapi. Sisi tunaokaa kwenye kona tunauliza jambo jingine: amepigwa kiasi gani? Misuli hukomaa kwa mazoezi na pumzi huongezeka, lakini hakuna zoezi linaloufundisha ubongo kuvumilia kutikiswa. Kila konde safi la kichwani ni matumizi. Bondia aliyelelewa vizuri ni yule ambaye matumizi hayo yalifanyika palipokuwa na faida: pambano la mkanda, pambano la malipo ya maana, pambano la kumpandisha daraja. Yakiishia mazoezini na kwenye mapambano yasiyo na maana, atafika siku yake kubwa akiwa mzee ndani ya mwili wa kijana.

Safari yenyewe iko hivi. Kwenye ridhaa amezoea raundi tatu. Kwenye kulipwa ataanza na mapambano ya utangulizi ya raundi 4, halafu 6, 8 na 10, na akifika kwenye ubingwa wa dunia atacheza 12, kila moja dakika tatu na mapumziko ya dakika moja. Zamani ubingwa ulikuwa raundi 15. Novemba 1982 Duk Koo Kim wa Korea Kusini aliangushwa na Ray Mancini katika raundi ya 14 huko Las Vegas, akafariki siku chache baadaye. Baraza la WBC, moja ya mashirikisho yanayotoa ubingwa wa dunia, likapunguza raundi mara moja, mashirikisho mengine yakafuata kabla muongo ule haujaisha. Glovu nazo zinabadilika: kuanzia uzito wa welta (kilo 66.7) kushuka chini ni za aunsi 8, juu ya hapo ni aunsi 10, na kichwani havai kinga yoyote.

Badiliko kubwa kuliko yote, hata hivyo, haliko ulingoni. Kwenye ridhaa mpinzani huletwa na droo. Kwenye kulipwa mpinzani huchaguliwa na mtu, na mtu huyo ana sababu zake. Promota akimpenda mdogo wako atamletea vibonde mwanzoni, aonekane moto, tiketi ziuzike. Asipompenda, mdogo wako ndiye atakuwa kibonde wa mwingine. Dalili zake ni rahisi kuzitambua. Anapigiwa simu wiki moja kabla ya pambano, uzito uliokubaliwa uko juu ya uzito wake, ukumbi ni wa nyumbani kwa mpinzani, na raundi ni nyingi kuliko alizowahi kucheza. Mambo hayo manne yakikutana, jibu ni hapana, hata kama malipo yanavutia.

Vibonde nao wana hasara yao, na hapa natofautiana na makocha wengi. Sifuri ya kushindwa imekuwa kama ibada tangu Rocky Marciano alipostaafu mwaka 1956 akiwa na ushindi 49 bila kupoteza, na zaidi baada ya Floyd Mayweather kufikisha 50 mwaka 2017. Vijana wanailinda sifuri kuliko wanavyojifunza kazi. Bondia aliyeangusha watu kumi na watano wasiojua kujikinga hajajifunza kukinga kona ya taya, hajui kukumbatia akipata kizunguzungu, hajawahi kucheza raundi ya nane akiwa amechoka. Siku akikutana na mtu wa kweli, anapokea kwa usiku mmoja adhabu ambayo angeigawanya kwa miaka.

Bernard Hopkins alipoteza pambano lake la kwanza kabisa la kulipwa mwaka 1988. Mwaka 2014, akiwa na miaka 49, bado alikuwa anatwaa mikanda ya dunia. Henry Armstrong alipigwa KO katika pambano lake la kwanza mwaka 1931, na mwaka 1938 akashikilia ubingwa wa uzito wa aina tatu kwa wakati mmoja. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Azumah Nelson wa Ghana. Julai 1982 aliitwa dakika za mwisho kuziba pengo kwenye pambano la ubingwa wa uzito wa unyoya dhidi ya Salvador Sánchez, kule Madison Square Garden, New York. Dunia haikumjua. Alisimama na bingwa yule hadi raundi ya 15 ndipo mwamuzi akalisimamisha pambano. Miaka miwili baadaye mkanda uleule ulikuwa kiunoni mwake, akiwa amemwangusha Wilfredo Gómez nyumbani kwao Puerto Rico. Usiitumie hadithi hii kumruhusu mdogo wako akubali kila simu ya dakika za mwisho. Azumah alikuwa amekwisha kuiva, aliyekosekana ni mtu wa kumpa nafasi tu. Ninachotaka uone ni kwamba kushindwa na mtu bora hakuui kazi ya bondia. Kinachoiua ni kupigwa bila sababu.

Na sehemu kubwa ya kupigwa bila sababu haionekani kwenye rekodi, kwa kuwa hutokea jimu. Bondia anaweza kupanda ulingoni mara nne kwa mwaka, lakini anaspari, yaani anapigana na wenzake wa mazoezini, wiki baada ya wiki. Kuna jimu ambazo kila Jumamosi ni vita: watu wamejaa pembeni, simu zinarekodi, vijana wanapigana kama kuna mkanda mezani, na kocha anatabasamu akiamini anatengeneza roho ngumu. Anatengeneza wagonjwa. Muhammad Ali mwenyewe katika miaka ya 1970 aliwaachia wenzake wa mazoezini wampige, akiamini anajizoesha. Makonde yale hayamo katika mapambano yake 61 ya kulipwa, lakini kichwa kilikuwa kilekile.

Kwa hiyo kabla hujausoma mkataba, nenda jimu ukakae kwenye benchi siku mbili tatu. Tazama glovu za spari: ziwe nene, aunsi 16 ikiwezekana. Tazama kama kocha anamlinganisha kijana na mtu wa uzito wake au anamtupia jitu la kumkomaza. Tazama anachofanya mtu akiyumba: je, spari inasimama pale pale, au anaambiwa avumilie dakika moja iliyobaki? Ile kinga ya kichwa isikudanganye. Inazuia nyusi kupasuka na masikio kuvimba, haizuii ubongo kutikisika. Spari nyingi zinatakiwa ziwe za kazi: leo mkono wa kushoto tu, kesho kujikinga kwenye kamba, keshokutwa mwili bila kichwa. Spari ya nguvu zote ina mahali pake, wiki chache kabla ya pambano, kwa raundi za kuhesabika.

Kuna jambo jingine hapo. Bondia akipigwa KO, kamati za ngumi humfungia asipigane kwa siku 30, 60 au zaidi kulingana na alivyoumia. Marufuku hiyo hujumuisha spari kwa maana halisi ya kitabibu, lakini hakuna afisa anayekwenda jimu kuhakikisha. Wa kuhakikisha ni ninyi.

Sasa kuhusu hatari yenyewe, nitakueleza wazi kwa sababu umeuliza kama mtu mzima. Konde la pembeni kwenye taya huzungusha kichwa ghafla, na ubongo, ulio laini na unaoelea kwenye maji yake ndani ya fuvu, huchelewa kuufuata mzunguko ule. Kuna mishipa myembamba ya damu inayopita kati ya uso wa ubongo na utando wa nje. Ikivutika ikakatika, damu hujikusanya chini ya fuvu na kuubana ubongo. Hiki ndicho kinachoua mabondia wengi wanaofia ulingoni. Mara nyingi mtu haanguki papo hapo. Anashuka ulingoni kwa miguu yake, anazungumza, kisha kichwa kinaanza kumuuma na maumivu yanazidi, anatapika, anasinzia pasipo kawaida, maneno yanamvurugika, mboni ya jicho moja inakuwa kubwa kuliko ya pili. Ukiona hata moja kati ya hayo usiku wa pambano, usimwache alale ukisema amechoka. Ni hospitali, tena yenye wapasuaji wa ubongo, na kila dakika ina uzito.

Septemba 1991, London, Michael Watson alianguka baada ya kupambana na Chris Eubank. Vifaa vya kumsaidia kupumua havikuwa tayari pembeni mwa ulingo, na muda mwingi ulipotea kabla hajafika kwa wapasuaji wa ubongo. Alikaa siku 40 bila fahamu. Alifungua kesi, na mahakama za Uingereza zikaamua kwamba bodi ya ngumi ya nchi ile ilikuwa na wajibu wa kuhakikisha huduma hiyo ipo. Mwaka 2003 aliimaliza marathoni ya London kwa kutembea siku sita. Kwa sababu ya mtu yule mmoja, leo una haki ya kumuuliza promota yeyote bila aibu: daktari atakaa wapi? Gari la wagonjwa litakuwepo hadi pambano la mwisho? Hospitali gani imearifiwa? Promota asiyekuwa na majibu hayo kichwani hafai kumshika mdogo wako.

Uzito nitaugusa kwa ufupi, ingawa ni adui mkubwa. Kuna madaraja 17 ya kawaida, kutoka kilo 47.6 hadi uzito wa juu usio na kikomo, na kila bondia anataka kushuka daraja ili awe mkubwa kuliko mpinzani. Vipimo hufanyika siku moja kabla ya pambano, kwa hiyo wanakausha maji: kukimbia na nguo za plastiki, kukaa kwenye mvuke, kutema mate kwenye chupa. Wakishapima wanakunywa na mizani inarudi juu kwa saa chache. Mwili wote haurudi kwa kasi ile. Bondia aliyekauka ana miguu mizito, macho yanachelewa, na konde ambalo angelimeza kama kawaida linamlaza chali. Kama siku za kawaida mdogo wako ana kilo 70 na anatakiwa kucheza kilo 61.2 za uzito wa mwepesi, mwambie kocha apande naye daraja. Kijana wa miaka 20 bado anakua.

Kuhusu fedha, kwanza tofautisha watu wawili ambao mkataba huo huenda umewachanganya. Promota anaandaa pambano, anauza tiketi na haki za matangazo, na faida yake huongezeka akimlipa bondia kidogo. Meneja anamwakilisha bondia, na kazi yake ni kumbana promota alipe zaidi. Mtu mmoja hawezi kufanya kazi zote mbili kwa uaminifu. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2000, iliyopewa jina la Muhammad Ali, inayokataza promota kuwa na maslahi katika kazi ya meneja na kumlazimisha amweleze bondia alichoingiza kutokana na pambano. Nchi nyingi hazina sheria kama hiyo, kwa hiyo ulinzi huo muuandike ninyi kwenye mkataba.

Meneja huchukua hadi theluthi moja ya malipo, mkufunzi kwa kawaida asilimia 10. Hapo bondia amebaki na kama asilimia 57, na bado hajamlipa mtu wa kutibu majeraha kwenye kona, wenzake wa spari, vipimo vya afya, leseni na kodi. Kodi msiisahau hata kidogo. Joe Louis alikuwa bingwa wa uzito wa juu kuanzia 1937 hadi 1949 na akautetea mkanda mara 25. Mwaka 1942 alitoa malipo ya mapambano mawili kwa mifuko ya misaada ya wanajeshi. Deni la kodi lilimkimbiza hata hivyo, likamrudisha ulingoni baada ya kustaafu. Ezzard Charles akamshinda mwaka 1950, na mwaka uliofuata Marciano akamtoa nje ya kamba. Mike Tyson aliingiza mamia ya mamilioni ya dola, na mwaka 2003 akaomba mahakama imtangaze mufilisi. Naomba nusu ya kila kinachobaki iwekwe akaunti inayohitaji sahihi mbili, na ya pili iwe yako au ya baba.

Kwenye karatasi zenyewe tafuta haya: mkataba ni wa miaka mingapi, je unajiongeza wenyewe akipata mkanda, amehakikishiwa mapambano mangapi kwa mwaka na kwa malipo yasiyopungua kiasi gani, nani analipa hospitali akiumia mazoezini, na nini kinatokea akikaa mwaka mzima bila kupangiwa pambano. Hilo la mwisho ndilo linalowatesa vijana wengi. Wamefungwa kwa promota asiyewapa kazi na hawaruhusiwi kwenda kwa mwingine. Na katika miaka ya mwanzo, hata mambo yakienda vizuri, ngumi hazitamlisha. Anaamka alfajiri kukimbia, anakwenda kazini, jioni yuko jimu. Ana haki ya kuwa na ufundi au masomo pembeni, na kocha anayemwambia aache vyote ili aonyeshe nia hamtakii mema.

Sasa kuacha. Bondia mwenyewe ndiye mtu wa mwisho kujua, na sina nia ya kumdharau nikisema hivyo. Kazi yake imemfundisha kutosikiliza maumivu. Ndiyo maana kona ipo. Oktoba 1975 kule Manila, mkufunzi Eddie Futch alikataa kumwachia Joe Frazier aingie raundi ya 15 dhidi ya Ali, huku Frazier akisihi aachwe. Jicho lilikuwa limefumba, na Futch aliona kuwa hakuna mkanda unaostahili raundi ile. Kwangu hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote lililowahi kufanywa na mkufunzi. Futch huyohuyo alimwambia Freddie Roach astaafu, Roach akaendelea bila yeye, na leo ni mkufunzi mashuhuri anayeishi na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili.

Upande wa pili wa ulingo ule wa Manila mambo yalikwenda vingine. Baada ya pambano la Ali na Earnie Shavers mwaka 1977, daktari wa Ali, Ferdie Pacheco, alituma majibu ya vipimo yaliyoonyesha figo zinaharibika, hakujibiwa, akaondoka kambini. Ali aliendelea. Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, alikutana na Larry Holmes, aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi, akapigwa raundi 10 karibu bila kurudisha hadi mkufunzi wake, Angelo Dundee, alipomzuia kuinuka kwenye kiti. Hata hapo hakuacha. Mwaka uliofuata akapoteza tena kwa Trevor Berbick kule Bahamas. Mwaka 1984 madaktari walimtangazia ana Parkinson. Ugonjwa huo huwapata hata watu ambao hawajawahi kuvaa glovu, lakini usemi wake ulikuwa umeanza kuwa mzito kabla hajaingia ulingoni na Holmes, na watu wa karibu walikuwa wanausikia.

Wapo walioondoka vizuri. Marciano aliondoka na miaka 32. Marvin Hagler alishindwa na Sugar Ray Leonard mwaka 1987 kwa uamuzi ambao hakuukubali kamwe, akaenda kuishi Italia na hakurudi ulingoni. Lennox Lewis alimshinda Vitali Klitschko mwaka 2003, akastaafu mwanzoni mwa 2004 akiwa bingwa. Wote watatu waliahidiwa fedha nyingi warudi.

Ninyi mtajuaje? Ulingoni, angalia kama anapigwa na makonde ambayo zamani alikuwa anayaona yanakuja, na kama anaanguka kwa konde ambalo miaka miwili nyuma lisingemtikisa. Lakini nyumbani dalili hutangulia. Anarudia hadithi ileile jioni moja. Anakasirika kwa kitu kidogo halafu anashangaa kwa nini. Maneno yanagandana mdomoni hasa akiwa amechoka. Mwandiko unabadilika, hapendi tena mwanga mkali, kichwa kinamuuma siku nyingi baada ya spari, anashika ukuta akivua viatu. Kimoja kwa bahati kinaweza kuwa uchovu. Viwili vikidumu wiki mbili, asimamishe ngumi zote hadi daktari wa mishipa ya fahamu amwone.

Tatizo ni kwamba mabadiliko haya huja polepole, na mnaoishi naye mnazoea. Kwa hiyo fanya hivi mwezi huu, kabla hajasaini. Mrekodi akisoma ukurasa mmoja wa kitabu kwa sauti, akisimama kwa mguu mmoja, na akieleza kwa dakika tano pambano lake analolipenda. Mpeleke akapigwe picha ya ubongo, muitunze. Kila baada ya miezi sita mrekodi tena akisoma ukurasa uleule, na baada ya kila pambano alilopigwa sana. Kaeni pamoja mzitazame, yeye akiwepo. Wapo mabondia waliokataa kumsikiliza mama, kocha na daktari, wakajisikia wenyewe kwenye rekodi na wakaacha.

Halafu mwambie amtaje mtu mmoja, mbele ya familia na kocha, ambaye neno lake la kuacha hatalipinga. Akubali sasa, akiwa na miaka 20 na akili imetulia, kwa sababu akiwa na miaka 33 na amepoteza matatu mfululizo hatakubali chochote. Kama atakutaja wewe, usikatae. Ukishapata wakili wa kuupitia mkataba, niandikie vipengele vya miaka na vya kujiongeza, nitakuambia vipi ni vya kawaida na vipi vifutwe kabla kalamu haijagusa karatasi. Mama nisalimie, na umwambie hofu yake ina msingi.